Kupanga ndani ya boti ndogo ya uvuvi: sakafu, makabati na sanduku la barafu

Boti yetu ni ya faiba, mita 7, mashine Yamaha 15, tunavua kwa mshipi na wavu wa jarife huku Tanga. Miaka yote ndani kulikuwa kama stoo ya vyuma chakavu, nanga juu ya nyavu, kidumu cha petroli kinaogelea kwenye ngama (maji ya chini ya boti), ndoana unazigundua kwa unyayo. Kusi lilipochachamaa tukaipandisha pwani nikasema sasa naipanga. Nimeifanya mara mbili, ya kwanza niliharibu, ntakwambia wapi.

Kwanza kabisa, maji yataingia tu, ya mvua, ya wimbi, ya barafu. Kwahiyo chochote unachojenga kisizibe njia ya maji kwenda kwenye banduru (pale chini maji yanapokusanyika uyachote) na kiweze kung'oka. Wapo wanaopigilia sakafu moja kwa moja, siku boti inavuja hawajui inavujia wapi na upo (kata ya kuchotea maji) haufiki. Yangu nimeigawa vipande vitatu vinavyokalia mataruma (mbavu za boti), kila kimoja kina matundu mawili ya kuingiza vidole, na kigeuzo cha mbao pembeni kisielee boti ikijaa maji.

Plaiwudi usinunue kwa maneno ya muuzaji. Huku ukiomba marini (plaiwudi ya boti) unapewa ile bodi ya kufungia zege yenye ngozi ya kahawia, gundi yake inahimili maji ila katikati mara nyingi ina mapengo, na ile ngozi usipoikwangua kwa msasa rezini (gundi ya faiba) haishiki. Omba kipande, kichemshe masaa kadhaa, kikiachana tabaka achana nacho. Sakafu milimita 12, milango ya makabati 9 inatosha, karatasi moja ni futi 8 kwa 4 so chora vipande vyote kwanza ndo ukate.

Vipimo sasa. Ubavu wa boti umepinda, tepu itakudanganya. Chukua boksi la friji, kata kipande kinachokaribia umbo, kisimamishe pale kabati litakapokaa, halafu shika kibao cha kama sentimita 5 na penseli kwenye ukingo wake wa pili, kiburuze kwenye ubavu kuanzia juu mpaka chini, mchongo wote unajichora kwenye boksi. Kata hapo, jaribu, ndo uhamishie kwenye plaiwudi. Ukingo wa mbao usigusane na faiba, acha milimita 5 hivi, maana boti ikipigwa na wimbi inajikunja kidogo na ukingo mkali utaila taratibu. Ule uwazi unajaza rezini iliyochanganywa na unga wa mbao halafu unafunika kwa mikanda ya mati ya faiba pande zote mbili. Na chini kabisa ya kabati toboa tundu la maji kabla hujagundisha, usisubiri baadae.

Kingo zote za plaiwudi na kila tundu la skrubu zinyweshe rezini mara mbili tatu, maji huwa yanaingilia hapo. Skrubu ziwe stenlesi, za kawaida zitaoza upesi. Hadena (dawa ya kugandisha) ya rezini ya polyesta ni asilimia 1 mpaka 2 tu ya rezini, na jua letu hili anza na 1, changanya kidogo kidogo kwasababu kopo zima linachemka mkononi. Vaa miwani aisee, tone moja la hadena linaweza kukupofua, likiingia jichoni mwaga maji safi dakika 15 bila kuacha huku unaelekea hospitali.

Sasa nilipoharibu: sanduku la barafu. Nilipanga stairofomu nikaipaka rezini ya polyesta moja kwa moja, nikasimama naangalia inayeyuka kama sukari kwenye chai, pesa imekwenda. Tumia foamu ya polyurethani, au kama unayo stairofomu tu ipakae epoksi, hiyo haiili. Unene usipungue sentimita 5, mi nimeweka 8, chini tundu lenye kizibo maji ya barafu yatoke, mfuniko na raba. Liwe katikati ya boti, kwa joto letu unahitaji karibu kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, sasa kilo 80 na 80 ukiziweka omo (mbele) boti inazama pua.

Petroli usiifungie kabatini, mvuke wake mzito unatulia chini, na betri ikiwa jirani cheche moja inatosha. Kidumu kikae wazi tezi (nyuma), kimefungwa kamba. Laifu jaketi ziwe chini ya benchi bila kufuli. Nyavu mi naweka kwenye kreti za plastiki zenye matundu, zinakauka, hazinuki sana.

Kabla ya rangi mwaga ndoo mbili za maji omo, tazama zinafika banduru au zimekwama wapi, toboa hapo.