Somo: Pawa saplai ya wati 240 inabeba nini?

Desktop nyembamba za Dell na HP, zile za mtumba zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, nyingi huja na pawa saplai ya wati 240 hivi. Kadi ya michoro inaingia, mradi upige hesabu kabla ya kulipa.

1. Soma lebo. Jumla ya wati inadanganya. Prosesa na kadi hula laini ya volti 12, kwa hiyo tafuta amperi zake: amperi 16 mara 12 ni wati 192. Ukikuta laini mbili za volti 12, usizijumlishe. Fuata kikomo cha pamoja kilichoandikwa pale chini.

2. Jumlisha. Mfano: prosesa i5-4570 wati 84, madabodi na feni 25, RAM mbili 6, SSD 3, diski ya inchi 3.5 wati 10, kadi ya GTX 1050 Ti 75. Jumla 203. Mimi sivuki asilimia 80 ya zile 240, yaani 192. Toa diski kubwa, weka i5-4570S ya wati 65: unabaki na 174.

3. Chagua kadi isiyo na soketi ya umeme. Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, haitoi zaidi ya wati 75, na kwenye baadhi ya mashine nyembamba mtengenezaji ameweka kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo soma mwongozo wa modeli yako. GT 1030 inakula 30, RX 6400 inakula 53. GTX 1650 ichunguze dukani, kwani baadhi zina soketi ya pini 6. Hakikisha pia ni kadi fupi na ina bamba lake fupi la kuifungia nyuma ya kasha.

4. Jaribu kwa FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, dakika 15 kabla ya kufunga ubavu wa kasha.

Maswali

*Fundi, nimeuziwa adapta ya SATA kwenda pini 6. Niitumie?*
Hapana. Plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, ina pini tatu za volti 12, kila moja amperi 1.5: wati 54 kwa jumla. Soketi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki huyeyuka.

*Gemu ikifunguka mashine inazima ghafla, lakini kwa Word iko sawa. Nipige Windows upya?*
Usijisumbue. Mara nyingi hiyo ni pawa saplai inajikinga mzigo ukizidi. Rudi hatua ya 2.

*Niweke tu ya wati 500?*
OptiPlex 9020 ina plagi ya pini 8 kwenye madabodi, si 24, kwa hiyo utahitaji adapta. Tena kwenye kasha jembamba pawa saplai ya saizi ya kawaida (ATX) haiingii.

*Kubwa si itamaliza tokeni haraka?*
La. Vipuri vikila wati 150 na ufanisi ukiwa asilimia 85, ukutani unavuta kama 176, iwe ya 240 au ya 500.