Somo: Kumlea mwendesha baiskeli chipukizi Nairobi, kutoka nyasi hadi lami

Jumapili moja nilimtazama kijana wetu akiongoza mbio kwenye mlima. Kileleni alikuwa amewaacha wenzake karibu dakika nzima. Kufika chini, baada ya kona tatu tu, alikuwa wa sita. Hakuwa amechoka. Alishuka na breki mkononi kwa woga, na kila kona ilimpokonya alichokipata kwa jasho.

Tangu siku hiyo nilibadilisha mpango wote wa mazoezi. Watoto wetu wanakulia kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Pumzi wanayo. Kinachowaangusha ni mikono na macho, na hayo hayafundishwi na barabara peke yake. Ndiyo maana nawapitisha katika mbio za kila aina kabla ya kuwaambia wachague.

Kwanza, baiskeli yenyewe. Mtoto akae kitini, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Kikiyumba, shusheni kiti. Breki zote mbili zishike. Kofia ngumu ivaliwe hata kwa mzunguko mmoja wa uwanja.

Hatua ya 1: Nyasi. Uwanja wowote wa mpira unatosha. Anzeni na mbio za kobe: anayefika wa mwisho bila kugusa chini ndiye mshindi. Kisha aokote chupa ya maji chini bila kushuka. Aangalie nyuma ya bega usukani usiende kando. Halafu wawili waende bega kwa bega, viwiko vikigusana, mpaka waache kuogopana. Mimi huwaweka hapa miezi kadhaa, wazazi wakinung'unika kwamba watoto wanacheza tu. Waacheni wacheze.

Hatua ya 2: Msitu. Hii ndiyo roho ya somo. Karura ina njia za udongo, mizizi, miteremko, na hakuna matatu ya kukukimbiza. Kwenye mteremko pedali mbili ziwe usawa mmoja, mtoto ainuke kitini, magoti na viwiko vilegee, uzito urudi nyuma kidogo.

Breki hushikwa kabla ya kona. Gurudumu lililobanwa ndani ya kona huteleza. Na tuache kuwatisha watoto na breki ya mbele. Ndiyo inayosimamisha baiskeli hasa. Wafundisheni kuibana taratibu, kwa kidole kimoja au viwili.

Macho yatangulie. Baiskeli hufuata macho, kwa hiyo anayekodolea jiwe atalipiga. Chagueni kona moja, muirudie mara 20, na kocha asimame pale pale konani aone mwili unafanya nini. Kocha anayesubiri mwisho wa njia na saa ya kupimia hafundishi kona.

Hatua ya 3: Tope. Mvua za Aprili zikinyesha msikae nyumbani. Saiklokrosi ni mbio za nyasi na tope ambapo mtu huruka vizuizi na kubeba baiskeli begani. Wekeni mbao mbili fupi uwanjani, wajifunze kushuka baiskeli ikienda, kukimbia nayo, na kuipanda tena.

Hatua ya 4: Miguu myepesi. Mbio za BMX, zenye magurudumu ya inchi 20, humalizika chini ya dakika moja. Baiskeli za uwanja wa mzunguko nazo hazina breki, na pedali hazipumziki kamwe. Hata bila vifaa hivyo tunaweza kuchukua somo lake: gia nyepesi, miguu ya haraka. Hesabu goti la kulia kwa sekunde 15. Likipanda mara 25, ni mizunguko 100 kwa dakika. Mtoto anayesukuma gia nzito anaumiza magoti.

Hatua ya 5: Lami. Jumapili alfajiri, kundi dogo, gari la mtu mzima nyuma. Wajifunze kujikinga upepo nyuma ya mwenzao, kupokezana mbele, na kupaza sauti "shimo!" kabla ya shimo.

Saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 12, saa 12 ndiyo mwisho, na michezo mingine ihesabiwe humo.

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Kayole: Kocha, tuna Black Mamba ya babake tu, ile baiskeli kubwa nzito. Aanze nayo?*
Mama, kama miguu haifiki chini akiwa kitini, hapana. Baiskeli kubwa humfundisha woga. Tafuta ya mtumba inayomtosha, hata kama haina gia. Hatua ya kwanza haihitaji gia.

*Kijana, miaka 15, Rongai: Shikamoo kocha. Nataka mbio za barabarani kama Biniam Girmay. Si msitu unanipotezea wakati?*
Marahaba, mwanangu. Girmay wa Eritrea alishinda siku 3 za mbio za Tour de France 2024, na nafurahi kwamba unamtazama Mwafrika mwenzako. Lakini angalia pia hapa nyumbani: Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour hiyo mara 4, alifundishwa na David Kinjah kule Kikuyu kwa baiskeli za milimani. Tom Pidcock wa Uingereza naye alipata dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli za milimani 2020 na 2024, na bado anashindana barabarani. Daraja la vijana kimataifa ni miaka 17 na 18. Una muda.

*Mzazi, Lang'ata: Binti yangu wa miaka 13 analalamika kiti kinamuumiza, sasa hataki kurudi. Anaona haya kumwambia kocha wake mwanamume.*
Dada, asante kwa kulisema. Mnunulie kaptula ya baiskeli yenye sponji, aivae bila chupi ndani, maana mishono ndiyo inayochubua. Pua ya kiti isielekee juu. Pengine kiti ni chembamba kwake. Mafundi wengi wana vipana vya mtumba, ajaribu viwili au vitatu. Na siku zake za mwezi apunguze mazoezi bila kuulizwa sababu. Kwetu kuna mama mmoja anayekuja kila Jumamosi kwa ajili ya wasichana tu. Mlete, tutaanza naye upya pale kwenye nyasi.