Somo: Kutunza kanga ya marehemu, na habari yake

Ndugu zangu, nina doti ya marehemu bibi, ile ya Mombasa yenye maandishi madogo ya "Mali ya Abdulla", alama ya wauzaji wake. Nyingine ziligawiwa baada ya arobaini. Kipande kimoja nilikitia kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga kabisa, cha pili nikakiviringisha kwenye shuka kuukuu ndani ya sanduku. Baada ya masika mawili ya Tanga, cha nailoni kilikuwa na madoa meusi ya ukungu kwenye mji, yaani sehemu ya kati iliyozungukwa na pindo. Cha shuka kilikuwa salama. Basi haya ndiyo niliyojifunza.

1. Inuse kabla hujafua. Harufu ya udi na ya mwenyewe ikishaingia maji hairudi. Lakini jasho na mafuta ya nazi hugeuka manjano na kuita mende. Ukiwa na doti nzima, fua kipande kimoja, cha pili kiache.

2. Jaribu rangi. Lowesha pembe ya pindo, kandamiza kitambaa cheupe. Ikichuja, ifue peke yake kwa maji baridi na sabuni kidogo. Jiki marufuku. Usiikamue kwa kuisokota, anika kivulini mpaka ikauke kabisa. Wanga usitie, wadudu wanaupenda.

3. Viringisha, usikunje. Kanga hukatika kwenye mkunjo uleule wa miaka yote. Tafuta bomba la karatasi ngumu, livike shuka nyeupe ya pamba, viringisha juu yake. Karafuu za kufukuza wadudu zikae kwenye kifuko mbali kidogo na nguo, mafuta yake yanaacha doa. Kanga zenyewe mimi huzitoa zipate hewa wakati wa kaskazi, kabla mvua hazijaanza.

4. Andika habari yake. Hapa ndipo wengi tunapozembea. Kanga ya bibi jina lake, yaani yale maandishi yaliyochapwa juu yake, ni "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nyumbani sote tuliamini bibi alikuwa anatufundisha kuridhika, na mjomba alilitumia hata kwenye hotuba ya harusi yangu! Mpaka siku moja bibi mdogo akaniambia: "Mafunzo gani? Aliinunua kumjibu wifi yake. Akaivaa siku ya ngoma, akapita mbele yake mara tatu." Bibi mdogo angetangulia kabla sijamuuliza, ningebaki na methali tu, na bibi mpole ambaye hakuwahi kuwepo.

Kwa hiyo andika jina, nani alinunua, aliivaa lini, na ilikuwa inamjibu nani. Tumia penseli, wino husambaa. Usibane karatasi kwa pini, itapata kutu. Wazee walio hai warekodi kwa simu leo hii.

Maswali yenu

*Mama kafariki wiki iliyopita. Dada mkubwa anataka kugawa nguo zote. Nichukue kanga moja kabla?*
Pole sana mpenzi. Usichukue kimyakimya. Kwa sisi Waislamu nguo nazo ni mali ya marehemu, zimo kwenye mirathi. Mwambie dada yako wazi kwamba unaitaka ile fulani. Kanga iliyochakaa ni nadra watu kuigombania.

*Naweza kuishonea mto?*
Wengine watakukataza, mimi sikukatazi. Kanga ni mbeleko, haikuumbwa kukaa sandukuni. Piga picha kwanza, na mkasi usipite kwenye jina.

*Huku Mombasa twatia vidonge vya nondo, wale wadudu wa nguo, kwenye leso, yaani kanga. Vyafaa?*
Mimi sivitumii. Nondo hupenda sufu na hariri kuliko pamba, na vidonge vile ni sumu, mtoto hudhani peremende. Tena vitaua ile harufu unayoitunza.

*Babu kaacha kofia ya viua tu.*
Isikunjwe. Ijaze karatasi nyeupe ndani isimame, iweke mbali na jua.

*Huyo wifi wa bibi bado yuko hai?*
Yupo, mzee sana sasa. Mwaka juzi nilimpelekea doti yote. Akasoma jina, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kipi hakijafuliwa, akakichukua, akakiweka usoni, akakaa nacho hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.