Kabla hujanunua deki mpya ya CD

Deki yako ya CD ikianza kurukaruka, usikimbilie maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, bado. Weka kwanza CD halisi ya dukani, kisha ile ya kuchomwa. Ya dukani ikicheza sawasawa na ya kuchomwa ikakwama, mara nyingi lenzi imeshika vumbi au leza imeanza kuchoka, maana CD za kuchomwa huakisi mwanga kidogo zaidi. Chomoa waya ukutani, fungua kifuniko, upanguse lenzi polepole kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo tu. Usiikandamize, imeshikiliwa na vyuma vyembamba mno. Trei ikigoma kutoka, mshuku mkanda wake wa mpira; fundi huubadilisha bila kelele.

Sasa, kama inasoma vizuri ila sauti ndiyo haikuridhishi, angalia nyuma. Ina tundu la dijitali? Basi DAC ya nje, yaani kifaa cha kugeuza dijitali kuwa sauti, inatosha: deki kuukuu itasoma CD tu, kwa kiwango kile kile cha biti 16 na kilohezi 44.1 kama deki nyingine yoyote, na kazi ya kutengeneza sauti ifanyike kwingine. Binafsi ningeanza na spika, tofauti yake hata majirani huisikia.

Leza ikifa na kipuri hakipatikani, hapo badilisha. Ukichagua ya mtumba, nenda na CD yako iliyojaa, uisikilize hadi wimbo wa mwisho. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na muuzaji atakuchezea wimbo wa kwanza tu.