Mama alilea watoto Uingereza? Dai miaka yake ya pensheni

Kama mama yako, shangazi au mama mkubwa aliishi Uingereza wakati wowote kati ya 1978 na 2010 akilea watoto nyumbani, usikubali haraka kwamba hana chake kule. Nina steshenari hapa Moshi mjini, nachapa, naskani na kujaza fomu. Wazee wa Kibosho, Uru na Marangu waliorudi kutoka huko huniletea bahasha zao. Nimemjazia mama mkubwa wangu fomu ya kudai miaka hiyo, nikawajazia na wengine. Kinachoniuma ni kwamba wengi wameshajikatia tamaa kabla hawajauliza. "Mimi kule sikufanya kazi, nilikaa na watoto tu."

Sheria ya Uingereza haikuona hivyo. Kuanzia 6 Aprili 1978 hadi 5 Aprili 2010 kulikuwa na mpango ulioitwa Home Responsibilities Protection, kwa kifupi HRP. Mzazi aliyepokea child benefit, yaani fedha za serikali za kulea mtoto, kwa mtoto wa chini ya miaka 16 alilindiwa mwaka huo kwenye hesabu ya pensheni, hata kama hakuwa na mshahara. Kasoro iko kwenye kumbukumbu. Kabla ya Mei 2000 mtu aliweza kuomba child benefit bila kuandika namba yake ya National Insurance, yaani bima ya taifa ambayo michango yake ndiyo huhesabiwa kwenye pensheni. Fedha za mtoto zilitoka, lakini miaka ya mama haikuingizwa kwenye rekodi yake ya pensheni. Mwaka 2023 mamlaka ya kodi ya huko, HMRC, ilianza kuwaandikia barua watu wanaodhaniwa kupunjwa. Usikae kusubiri barua hiyo. Barua hufuata anuani iliyoko kwenye mafaili, na mtu aliyehama nyumba tatu kule kabla ya kurudi Uru si rahisi kufikiwa.

Huku kwetu NSSF inataka michango ya miezi 180 ndipo upate pensheni ya kila mwezi, na miaka ya kulea haimo kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana wazee wanasita ukiwaambia kwamba kule kulea kuliandikwa kwenye sheria.

Anza na tarehe ya kuzaliwa. Mwanamke aliyezaliwa 6 Aprili 1953 au baadaye yuko kwenye pensheni mpya: pensheni kamili inataka miaka 35, na chini ya miaka 10 hupati kitu. Hapa ndipo kwenye uzito kwa watu wetu. Mama aliyefanya usafi hospitalini miaka sita, kisha akalea, anaonekana kwenye rekodi ana miaka sita na jibu ni sifuri. Ukiongeza miaka ya HRP, ambayo inaweza kufika 22, anavuka kumi na anakuwa mstaafu mwenye haki. Kwa kiwango cha 2025/26 pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, na mwaka mmoja ni sehemu moja ya 35, yaani kama pauni 6.58 kwa wiki. Waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo wako kwenye utaratibu wa zamani, nao pia wanaweza kudai. Aliyekwisha kutimiza miaka yote inayotakiwa hataongezewa kitu, kwa hiyo asijisumbue.

Mwaka wao wa kodi unaanza 6 Aprili na kuishia 5 Aprili, na HRP inataka mwaka mzima. Chukua mtoto aliyezaliwa Septemba 1982. Mwaka wa 1982/83 hauingii. Hesabu inaanza 6 Aprili 1983, na kwa kuwa alifika miaka 16 Septemba 1998, mwaka wa mwisho ni 1997/98. Hiyo ni miaka 15. Watoto wawili waliolelewa kwa pamoja hawahesabiwi mara mbili. Mdogo anarefusha tu mwisho wa hesabu. Miaka ambayo mtoto alikuwa Moshi kwa bibi yake usiiandike, kwa sababu child benefit ilikuwa ya watoto walioko kule. Vilevile mwanamke aliyeolewa aliyechagua kulipa mchango uliopunguzwa wa National Insurance waliowekewa wanawake walioolewa hapati HRP kwa miaka aliyokuwa kwenye mchango huo.

Sasa makaratasi. Mama mkubwa alinishushia bati la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na kadi za kliniki za watoto, barua za shule, na bahasha moja iliyochanika yenye namba yake ya National Insurance: herufi mbili, tarakimu sita, herufi moja mwisho. Karatasi ile ilikuwa imelainika kwenye mikunjo hadi tarakimu ya nne ikabidi tuisome dirishani. Kama huna namba hiyo, tafuta hati ya mshahara ya zamani au barua yoyote ya kodi. Andika pembeni majina kamili ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa, anuani mlizoishi kwa mfuatano, na lini child benefit ilianza na kukoma. Kisha majina ya mama mwenyewe, na hapa tulia. Wanawake wengi walianza kazi kule kwa jina la baba, wakaolewa, wakabadili. Yaandike yote, kwa tahajia ile ile ya pasipoti ya wakati ule, na uweke nakala ya cheti cha ndoa.

Fomu inaitwa CF411 na iko bure kwenye tovuti ya serikali yao, gov.uk. Unaweza kuijaza mtandaoni au kuichapa na kuituma. Anayekuomba asilimia ya malipo ili "akufuatilie" hana mlango wake wa peke yake. Anajaza karatasi hii hii. Kwa posta inakwenda: National Insurance Contributions and Employers Office, HM Revenue and Customs, BX9 1AN, United Kingdom. Tuma kwa rejista pale Posta na utunze risiti. Usiipeleke kwa kampuni ya vifurushi kwa anuani hiyo, maana msimbo wa BX hauonyeshi jengo lolote. Piga picha kila ukurasa kabla hujafunga bahasha. Kwenye anuani ya majibu weka S.L.P. yenu wenyewe iliyolipiwa, si ya parokia wala ya shule ya jirani.

HMRC wakikubali, wanarekebisha rekodi na kuijulisha idara ya pensheni, DWP, ambayo inapiga hesabu upya na kulipa malimbikizo. Kama mama hajawahi kuomba pensheni kabisa, haiji yenyewe: aiombe kwa International Pension Centre, ofisi ya pensheni ya walioko nje ya Uingereza, na asichelewe, kwa sababu malipo ya nyuma kwa ombi jipya hayazidi miezi 12. Baba pia asisahauliwe. Kama child benefit ilikuwa kwa jina la mwenzi asiyehitaji miaka hiyo, HRP inaweza kuhamishiwa kwa aliyelea naye, mradi aliyehamishiwa alifikia umri wa pensheni 6 Aprili 2008 au baadaye.

Mwambieni mzee mapema kwamba anayeishi Tanzania haongezewi pensheni kila mwaka kama aliyeko kule, kiwango kinaganda. Kuna pia cheti cha kuthibitisha kwamba yuko hai, kinachotumwa kwa posta. Kisiporudishwa kwa wakati, malipo yanasimamishwa, kwa hiyo mmoja wenu awe na kazi ya kupita kwenye sanduku.

Na kama mama ameshafariki, bado mnaweza kumwombea miaka yake. Fedha aliyopunjwa ni ya mirathi, kwa hiyo andaeni cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, mkubaliane kwanza ndugu wote nani ataweka sahihi.