Vuli ya kwanza Chicago: weka haya sawa mapema

Kwetu ukisema vuli mtu anawaza mvua, zile fupi za Oktoba mpaka Desemba, matope na mwamvuli. Sasa unafika Chicago na kazi yako mpya unaambiwa hii nayo ni vuli, ila huku mvua siyo habari, habari ni majani kugeuka njano na nyekundu halafu yote yanapukutika na baridi inaingia bila hodi. Mimi huu msimu ndo naupenda kuliko yote hapa mjini, tatizo lake ni moja tu, mfupi, na mwaka wangu wa kwanza nusu yake niliimalizia nahangaika kutafuta koti na kumbembeleza mwenye nyumba kwenye simu. Kwa hiyo haya ninayoandika yafanye Septemba, ukiwa bado unatembea na tisheti, ili Oktoba ibaki ya kula maisha.

Tuanze na joto la ndani maana hapo ndo wengi tunalizwa. Fleti nyingi za zamani Chicago zinapashwa na radieta, yale mabomba ya chuma yaliyojipanga chini ya dirisha, mvuke unapanda kutoka kwenye boila huko chini ya jengo na wewe huna swichi wala nini, anayeamua lini uwake ni mwenye nyumba. Ila sheria ya jiji haimwachii aamue anavyotaka: kama joto analidhibiti yeye, basi kuanzia Septemba 15 mpaka Juni 1 ndani kwako lazima kuwe na angalau digrii 68 za Fahrenheit, kama 20 za Selsiasi hivi, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne na nusu usiku, na usiku isishuke chini ya 66. Mimi sikuyajua haya. Wiki ya pili ya Oktoba naamka usiku vidole vya miguu vimekufa ganzi, nagusa radieta, chuma kitupu. Natuma meseji, najibiwa "kesho nitaangalia", hiyo kesho ikawa siku sita, nalala na soksi mbili na kofia kichwani kama mlinzi wa usiku. Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima wa ghorofa ya chini, akaniambia mwanangu acha kulalamika mdomo mtupu, nenda kanunue kipimajoto cha ukutani, kitundike katikati ya chumba na siyo karibu na dirisha, kila asubuhi na kila usiku piga picha saa ionekane, halafu piga 311, namba ya simu ya huduma za jiji. Nikapiga, nikapewa namba ya malalamiko, nikaituma kwa mwenye nyumba pamoja na zile picha. Keshokutwa yake radieta ikaanza kugonga usiku kucha kama kuna fundi amefungiwa humo ndani, na kelele ile nililala nayo kama mtoto.

Kwa hiyo Septemba kabla ya baridi uliza tu: joto linawashwa lini, na bili ya gesi ni ya nani. Hili la pili wengi hawaulizi, wanasaini mkataba wakiwa wamependa dirisha kubwa, kisha bili ya kwanza ya baridi inakuja wanajuta. Na hilo dirisha kubwa kama linapitisha upepo, kuna nailoni za kubandika kwenye fremu kisha unazipuliza kwa dryer ya nywele zinajivuta zinakazana, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa mbali hata hazionekani.

Nguo. Kosa la wageni ni kununua koti moja zito kama godoro wakidhani kazi imeisha, halafu unavaa na shati ndani, unafika ofisini kumepashwa kama jikoni unavua, umebaki na shati, ukitoka saa ya chakula unavaa tena, mchana kutwa unavua na kuvaa. Vuli ya hapa asubuhi inaweza kuwa ya baridi ya kung'ata meno na mchana ukatafuta miwani ya jua, sasa dawa yake ni tabaka: kitu chepesi kinachogusa mwili, juu yake sweta ya zipu, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo. Pamba ikilowa jasho inakaa na unyevu na kukupozesha, sufu hata ikiwa na unyevu bado inakupa joto, ndo maana soksi za sufu usizionee hela. Koti kubwa linunue pia, ila kwa ajili ya Novemba kwenda mbele, na lifunike makalio, hili utanielewa siku umekaa kwenye benchi la chuma kituo cha basi. Na nenda maduka ya mitumba Septemba, makoti mazuri yanakuwepo kwa sababu watu bado wako na kaptula, ikishapiga baridi ya kwanza utakuta yamebaki ya rangi zisizoeleweka. Usijidanganye kuwa theluji iko mbali, mwaka 2019 ilianguka Oktoba 31, siku ya Halloween, watoto wanagonga milango kuomba pipi wamevaa majaketi juu ya mavazi ya mazimwi.

Halafu kuna ziwa. Maji ya Ziwa Michigan yanapoa taratibu kuliko nchi kavu, kwa hiyo vuli usiku wa karibu na ziwa mara nyingi una joto kidogo kuliko vitongoji vya ndani, ila upepo ukitokea upande wa ziwa, ndugu yangu, hata nywele zinauma. Angalia upepo kwenye simu, usiangalie digrii peke yake. Kwenye treni ya L jukwaa liko wazi juu juu kule, stesheni nyingi zina taa za joto unabonyeza kitufe zinawaka, utazijua kwa kuona watu wamejikusanya chini yake kama vifaranga.

Sasa saa. Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nane usiku, saa inarudishwa nyuma lisaa limoja. Simu itajirekebisha yenyewe, mwili na ratiba ndo haviko hivyo. Jumamosi jua linazama kwenye saa kumi na mbili kasorobo, Jumapili linazama saa kumi na dakika arobaini hivi, yaani Jumatatu unatoka kazini kweusi tititi na ulikuwa hujafanya chochote na mchana wako. Na nyumbani Afrika Mashariki saa haibadiliki, kwa hiyo tofauti ya saa nane inakuwa tisa. Mimi nilikuwa nampigia mama nikiwa kwenye chakula cha mchana, saa saba ya huku, kule saa tatu usiku, ametoka kuangalia taarifa ya habari ana maneno kibao. Baada ya kubadilisha nikaendelea vile vile, wiki nzima napokelewa na sauti ya usingizi, "kuna nini baba, nani anaumwa?" Kumbe kule ni saa nne. Ongea nao kabla, sogeza simu iwe saa sita.

Hilo giza usilichukulie poa. Kuna watu mchana ukifupika wanaishiwa nguvu kabisa, usingizi mwingi, hamu ya wanga, hutaki kuonana na mtu, na ukitoka kwenye nchi ambako jua linazama saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima unaweza ukadhani ni upweke tu au uvivu. Madaktari waliipa hali hii jina rasmi mwaka 1984, seasonal affective disorder, na moja ya tiba zinazotumika ni taa maalumu ya mwanga wa laksi 10,000, unakaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi. Ila kabla hujafika huko, chakula chako cha mchana kuanzia Oktoba ukile nje au utembee dakika 20 kukiwa na mwanga, hiyo ni bure. Ukiona hali inazidi mwone daktari, bima unakatwa kila mwezi, itumie.

Na kwa vile tumeitaja bima: vuli ndo msimu ambao waajiri wengi wanafungua dirisha la kuchagua bima ya mwaka unaofuata, linakaa wiki mbili tatu tu na ukilipitisha mara nyingi unasubiri mwaka mzima, labda uoe au upate mtoto. Email ya HR inakuja na kichwa cha habari kinachochosha, ifungue hivyo hivyo. Kama una akaunti ya FSA, ile ya kazini unayowekea hela za matibabu, cheki salio, hela usizotumia mara nyingi zinapotea mwaka ukiisha. Chanjo ya mafua choma Septemba au Oktoba, inachukua kama wiki mbili kushika, na bima nyingi zinailipia kwenye duka la dawa la mtaani.

Mwenye gari: Desemba 1 inaanza marufuku ya kuegesha saa tisa usiku mpaka saa moja asubuhi kwenye baadhi ya barabara kubwa, theluji iwepo isiwepo. Soma kibao cha barabara yako. Basi.

Ukishamaliza hayo, toka. Oktoba kuna marathoni, Jumapili, inaanzia na kuishia Grant Park, na ndipo Mkenya Kelvin Kiptum alipokimbia kwa saa mbili na sekunde 35 mwaka 2023 na kuweka rekodi ya dunia. Nenda mapema maana barabara zinafungwa, na Wakenya wakipita utajikuta unapiga kelele za Kiswahili katikati ya umati. Mwezi huo huo kuna Open House Chicago, wikendi ambayo majengo mengi yanafunguliwa bure uingie uone ndani. Majani yenyewe yanakolea zaidi kati na mwisho wa Oktoba. Njano inakuwemo kwenye jani siku zote ila imefunikwa na kijani, kijani kikivunjika ndo inaonekana, nyekundu yenyewe mti unaitengeneza wakati huo huo, na siku za jua zenye usiku wa baridi kidogo zinaizidisha. Pita Lincoln Park au Jackson Park, ukiwa na nafasi panda gari mpaka Morton Arboretum, bustani kubwa ya miti kule Lisle nje ya jiji. Na tafuta mti wa ginkgo mtaani kwako, ule wenye majani kama feni ndogo. Unageuka njano mti mzima, halafu baridi kali ya kwanza ikipiga unaweza kuyamwaga karibu yote ndani ya siku moja. Wa kwetu uko mbele ya dobi wa mashine, mwaka jana nilipita saa moja asubuhi naenda kazini umejaa, nikasema nitaupiga picha jioni, jioni nikakuta fito tupu na jamaa anafagia.