SOMO: Jinsi ya kuandika hadithi ya upelelezi ya watoto ambayo mpelelezi ni mnyama

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne, "Mwalimu, nianzeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka usiku. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia watoto wa miaka 7 hadi 10, ambao kusoma wanajua ila kitabu kinene bado kinawatisha.

Hatua ya 1. Chagua kosa dogo. Mayai yamepotea, ngoma ya kijiji haionekani, kamba ya mtumbwi imekatwa. Mauaji tuwaachie wakubwa.

Hatua ya 2. Mchague mpelelezi kwa kipaji alichonacho kweli. Wangu ni panya buku. Pale Morogoro, shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wanawafundisha panya hawa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Pua kali, macho dhaifu, na mwepesi kiasi kwamba akipita juu ya bomu halilipuki. Hapo mhusika unaye tayari: anajua nani kapita, ila hawezi kukwambia alikuwa amebeba nini. Atahitaji rafiki mwenye macho, na mazungumzo yao ndiyo yatakayobeba hadithi. Sungura mwache awe mshukiwa, maana watoto wetu wanamjua kwa ulaghai tangu wakiwa mgongoni.

Hatua ya 3. Andika mwisho kwanza. Nani, kwa nini, saa ngapi. Mistari mitano inatosha.

Hatua ya 4. Washukiwa watatu. Wakifika watano, mtoto anawachanganya.

Hatua ya 5. Panda vidokezo. Someni hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Hadithi yangu ya kwanza ilihusu asali iliyoibwa mzingani. Niliisomea darasa la tatu. Watoto walihesabu nyayo pamoja nami, wakabishana kati ya fisi na nyani, mmoja akasimama juu ya dawati kumtetea fisi. Nikafika ukurasa wa mwisho nikasema: mwizi ni nyegere! Nilidhani nimewashangaza. Darasa likanyamaza, kisha msichana wa mbele akasema, "Lakini mwalimu, nyegere hakuwepo." Kweli hakuwepo. Walikuwa wamefanya kazi yote, halafu mimi nikawanyang'anya jibu. Niliumia sana, nikaiandika upya yote. Sasa nyegere anakuja ukurasa wa pili kuomba maji, na nyuki wawili wanamzunguka kichwani. Hakuna anayewataja hao nyuki mpaka mwisho.

Kwa hiyo angalieni haya:

Mwizi aonekane kabla theluthi ya kwanza haijaisha, na awe na la kufanya, si kupita tu.

Kidokezo kikubwa kikae katikati ya vitu vingine. Ukikiweka mwisho wa sentensi kinapiga kelele.

Mpelelezi asijue jambo ambalo msomaji hakuonyeshwa. Akinusa, tuambie amenusa nini. Kumficha msomaji ndio wizi mkubwa kuliko ule wa asali.

Dalili ziwe za kweli. Chui anaficha kucha anapotembea, kwa hiyo unyayo wake hauna alama za kucha. Fisi na mbwa wanaziacha. Duma pia anaziacha, ingawa ni wa jamii ya paka. Kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula. Hilo la chui pekee ni hadithi nzima: kijiji kinamshutumu chui, na alama za kucha ziko pale kwenye tope.

Hatua ya 6. Mpelelezi akosee mara moja, na aombe radhi.

Hatua ya 7. Isome kwa sauti mbele ya watoto wasio wako. Simama kabla ya kufichua, uliza "nani?" Wakipatia wote, ni rahisi mno. Asipopatia hata mmoja, umewaonea. Wakigawanyika na kuanza kubishana, peleka kwa mchapaji.

MASWALI

Chapakazi: Somo zuri mkuu, sijamaliza kusoma. Hivi mpelelezi awe mnyama gani?

Jibu: Hatua ya 2.

Kijana wa Tanga: Mimi nataka simba. Watoto wanapenda simba.

Jibu: Simba anatambua nini ambacho wengine hawatambui? Na swala atamwambiaje ukweli anayemla? Ukiwa na majibu ya hayo mawili, mweke.

Mama Wawili: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka 8 ameuliza, shahidi akidanganya sisi tutajuaje kabla mpelelezi hajasema?

Jibu: Marahaba mama. Mwambie ameuliza swali la mwandishi. Uongo uupime kwa mwili wa mnyama. Kuku haoni vizuri gizani. Basi mapema kabisa, magharibi inaingia, mwonyeshe kuku anajikwaa kwenye kinu akitafuta banda. Kurasa sita baadaye anaapa kwamba usiku wa manane alimwona mwizi kwa macho yake. Mtoto aliyekumbuka kinu atamkamata mwenyewe. Au mbwa aseme, "Kanga ilikuwa nyekundu, si ya kijani." Mbwa hatofautishi vizuri rangi hizo mbili, maana yake kuna mtu kamfundisha la kusema. Mwanao akiandika yake, tafadhali niletee niisome.

Mzalendo Halisi: Upelelezi ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna ngano zetu.

Jibu: Ndugu, wewe hukutegewa kitendawili utotoni? "Nyumba yangu haina mlango." Dalili iko wazi, jibu limejificha, akili inazunguka. Ukishindwa unatoa mji, unaambiwa "yai", na hulalamiki, kwa sababu jibu lilikuwa mbele yako muda wote. Hiyo ndiyo hatua ya 5. Mimi sikujifunza kwa Mzungu, nilijifunza kwa bibi yangu jikoni.

Mzalendo Halisi: Hapo nimekuelewa.

Mwana Pemba: Nilimweka bundi, wazazi wakakataa kitabu. Wanasema ni mkosi.

Jibu: Usimtoe, mbadilishie kazi. Mfanye mshukiwa anayeogopwa na kijiji kizima, halafu ibainike yeye ndiye pekee aliyekuwa macho usiku ule. Hofu ya wazazi inakusaidia kumficha shahidi.

Chapakazi: Kurasa ngapi?

Fundi Chapa: Nijibu mimi, niko kiwandani. Kitabu cha kubana pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4. Fanya 24 au 32. Watu wananiletea 27, kisha wanashangaa kurasa tupu mwishoni.

Mama Wawili: Na mchoraji? Wangu alimchora chui, na nyayo zake akazitia kucha. Hadithi yote ikaharibika.

Jibu: Pole sana. Hili sikuliandika na lilipaswa kuwemo, naliongeza kama hatua ya 8. Kabla hajashika penseli, mpe karatasi yenye vidokezo vyote, ukurasa kwa ukurasa: nini lazima kionekane, nini kisionekane kabisa. Wale nyuki wawili wa nyegere, mchoraji wangu aliwafanya wakubwa kama kunguru. Tuliwapunguza mara tatu.

Fundi Chapa: Na msiwaweke karibu na ukingo wa karatasi. Kisu kinawakata.